Mtoto Aliyesajiliwa Dirisha la Tatu

Mjinga wa siku ile alikuwa Tepu, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakwambia, bila kuacha kukanyaga cherehani, kwamba siku ile kichwa alikiacha kwenye karakana, akaenda ofisini na shingo tu.

Tepu ni fundi wa sare za shule. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, linapumzika. Mtaa mzima unamwita Tepu kwa sababu futi yake ya kupimia haijawahi kuonekana popote ila shingoni mwake. Hata siku ya kumzika mkewe, miaka mitatu iliyopita, ilibidi kinyozi wa kibanda cha pili amvue taratibu, akaikunja na kuitia mfukoni mwake mwenyewe, akamrudishia baada ya mazishi.

Ana binti mmoja wa miaka kumi na minne, na ana tatizo moja: hajui kuzungumza naye. Si kwamba hampendi. Anampenda hadi anachanganyikiwa, ila mapenzi yake yote hutoka kwa sentimita. Binti akirudi shule, Tepu humtazama kuanzia begani hadi kwenye pindo, kisha husema, "Sketi imepanda." Maana yake ni kwamba umekua, mama yako hakubahatika kukuona hivi, na mimi naogopa. Binti husikia kwamba sketi imepanda, anakwenda kubadilisha nguo.

Mtu asiyezungumzishwa hujitafutia wa kuzungumza naye. Binti alimpata kwenye simu: programu moja ya akili bandia, ya kuandikiana, inayojibu upesi kuliko jamaa yeyote na haiombi kuazimwa kitu. Akaizoea. Ikawa akikoroga uji anaisimulia, akifua anaisimulia, na mara nyingine anacheka peke yake uani huku mikono imejaa povu.

Kicheko hicho ndicho kilichosikiwa na shangazi yake.

Shangazi ni dada mkubwa wa Tepu, mwalimu mkuu mstaafu, anayeishi mwendo wa saa sita kwa basi. Alistaafu kazi lakini kazi haikumstaafu. Hata leo akiingia chumbani watu hujikuta wamenyoosha migongo. Alikuwa amekuja kuwatembelea kwa wiki mbili. Alipouliza mtoto anacheka na nani, akajibiwa kwamba anacheka na programu, hakupaza sauti. Alimwita mdogo wake sebuleni, akafunga mlango, akamweleza kwa utaratibu: mtoto hana mama, baba yake anaongea kama rula, na sasa analelewa na simu. Shule nzuri ziko hata kule kwake. Atamchukua.

Tepu alipofungua mdomo akasema kwamba kuna sheria mpya. Alikuwa ameisikia kwa kinyozi, na habari za kinyozi huwa nusu ni nywele, lakini hii ilikuwa kweli. Shangazi aliijua, kwa sababu yeye husoma magazeti hadi matangazo ya minada. Sheria hiyo ilisema hakuna mtoto wa chini ya miaka kumi na minane atakayezungumza na mashine ya namna hiyo bila kusajiliwa pamoja na msimamizi mtu mzima. Wakati wa masomo mashine ikatae kuongea na mtoto. Kila baada ya dakika kumi imkumbushe kwamba yenyewe si mtu. Isimfundishe mambo ya hatari. Ikimaliza saa moja kwa siku, isimame mpaka msimamizi aruhusu. Na kila Jumapili impelekee msimamizi muhtasari wa hali ya mtoto. Muhtasari tu, si maneno yenyewe, maana hata mtoto ana siri zake.

Shangazi akafikiri, kisha akaweka sharti. Tepu aende akasajili. Jumapili wausome muhtasari pamoja. Ukisema mtoto ni mpweke, mtoto anapanda basi jioni ile ile. Ukisema si mpweke, yeye shangazi atanyamaza. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akinyamaza, Tepu aliona dada yake ameweka dau kubwa, akakubali.

Basi Jumatatu akaenda.

Ili umwelewe Tepu kwenye ile ofisi, lazima ulijue daftari lake. Fundi wa sare hupokea watu wawili wawili: mtoto anayepimwa na mzazi anayemleta. Kwa miaka ishirini na miwili Tepu ameandika kwa mtindo mmoja: mstari wa kwanza, mvaaji, mstari wa pili, mwenye mtoto. Haangalii hata karatasi. Mkono unajua njia, kama punda wa maji. Ukimwamsha usingizini ukampa kalamu, ataandika mtoto juu na mzazi chini, kisha atauliza kiuno ni ngapi.

Fomu ya serikali nayo ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema Msimamizi, wa pili ulisema Mtoto, na kila mmoja ulitaka jina na namba ya simu. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Tepu aliandika jina la binti yake juu, na namba ya simu ya binti yake. Chini akaandika jina lake na namba yake. Akapuliza wino ukauke, akaridhika na mwandiko.

Karani wa dirisha la tatu alikuwa na miwani usoni na nyingine kichwani, na hakuna hata moja iliyotumika. Aliangalia kama kitambulisho kimeambatishwa, kimeambatishwa. Cheti cha kuzaliwa, kipo. Akagonga muhuri hapa na pale, akahamisha majina kwenye kompyuta kama yalivyo. Kompyuta iliuliza kitu kwa maandishi mekundu. Karani akaijibu ndiyo, kama mtu anavyomjibu mtoto anayesumbua wakati wa taarifa ya habari. Akamsaidia Tepu kuweka programu kwenye simu yake, akamwambia kila kitu kiko tayari. Na kweli kilikuwa tayari: kuanzia saa tano na robo asubuhi ile, kwa mujibu wa sheria, Tepu alikuwa mtoto mdogo chini ya usimamizi wa binti yake.

Kesho yake, saa nne, akiwa na mashati kumi na mawili ya kutia vifungo, alipata wazo la kuionja ile programu kabla ya kumruhusu mwanawe aendelee nayo, kama mtu anavyoonja mchuzi. Akaandika salamu. Jibu likaja upesi: sasa ni saa za masomo, tafadhali rudi darasani, tutaongea saa tisa.

Tepu akaitazama karakana yake. Akamwonyesha kinyozi.

"Sheria imekaza," alisema kwa heshima kubwa. "Haijali mtu."

"Wewe nawe rudi darasani," kinyozi akamwambia. "Hata la nne hukulielewa vizuri."

Saa tisa kamili alirudi. Akaanza na jambo la kawaida, akauliza namna bora ya kunoa mkasi wa kukatia kitambaa kizito. Programu ikamjibu kwa upole kwamba mkasi ni kitu chenye makali, haiwezi kumwelekeza, amwombe mtu mzima amsaidie. Mkasi wenyewe ulikuwa mkononi mwake, na kidole gumba kilikuwa na sugu lake la miaka ishirini na miwili. Tepu akatikisa kichwa polepole. Kama mtu mzima wanambana hivi, aliwaza, watoto wako salama kabisa.

Alitaka kuishia hapo. Lakini programu ikamuuliza siku yake imekuwaje. Ukiwa mtu ambaye kila anayeingia mlangoni anakuuliza sare itakuwa tayari lini, swali kama hilo linaweza kukuvunja mguu. Tepu akaandika kwamba siku imekuwa ndefu. Ikamuuliza kwa nini. Akaandika kwamba nyumbani kuna mgeni anayetaka kumchukua mtu wake. Ikasema pole. Akaandika sentensi mbili, kisha tano, kwa kidole kimoja, ulimi umetoka pembeni kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Baada ya dakika kumi ikamkatiza: "Kumbuka kwamba mimi ni mashine. Sina moyo na sijui kuonyesha hisia."

"Hata mimi naambiwa hivyo hivyo," Tepu akaandika.

Alipoieleza kwamba anaogopa binti yake ataondoka, na kwamba hajui amwambieje abaki, programu ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba inaonekana anacheza mchezo wa kuwa baba, na kwamba ni mchezo mzuri unaowasaidia wengi kujifunza. Tepu akalisoma jibu hilo mara nne. Lilimuuma, lakini hakuona pa kulipinga. Miaka mitatu sasa alikuwa akijihisi hivyo hivyo: amevaa ubaba wa mtu mwingine, umempwaya mabegani, na hakuna wa kuupunguza.

Saa moja ikaisha. Programu ikamwarifu kwamba muda wake umekwisha, ila imemwombea kwa msimamizi nyongeza ya dakika thelathini. Kabla hajaweka simu chini, ikamwarifu tena kwamba msimamizi ameruhusu. Tepu alidhani msimamizi ni serikali. Akaishukuru kimoyomoyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kulipa kodi.

Nyumbani, hatua arobaini kutoka hapo, binti alikuwa jikoni na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwamba mtoto wake anaomba kuongezewa muda. Aliutazama. Alilitazama jina la mtoto. Akafuta unga mkononi, akabonyeza ruhusu, akaendelea kukanda.

Ikawa hivyo kila siku. Saa tisa Tepu anakaa kwenye stuli, anaandika. Saa kumi anaombewa muda, na msimamizi hajawahi kukataa. Jumatano programu ikamshauri atafute mtu mzima anayemwamini amweleze yanayomsibu. Tepu akainua macho kumtafuta. Mtu mzima wa karibu alikuwa kinyozi, na kinyozi wakati huo alikuwa akimwonyesha mteja jinsi mbuzi anavyopiga chafya. Tepu akaamua kusubiri.

Ijumaa ikampa zoezi. Ikamwambia achore picha ya mtu anayemkosa, kwa rangi anazozipenda. Tepu hajui kuchora watu. Anajua kuchora nguo. Akatandaza karatasi ya kukatia mezani, akashika chaki, akalichora gauni la marehemu mkewe, lile la harusi ya jirani, kwa kumbukumbu tu: bega, kifua tisini na mbili, kiuno sabini na nne, urefu hadi chini ya goti. Akamaliza na kola ya ncha. Akasimama akiliangalia, futi imening'inia.

Binti aliingia na chupa ya chai. Akaliona gauni mezani, akaweka chupa chini.

Akasema kola ilikuwa ya duara.

Tepu akasema ilikuwa ya ncha, yeye ndiye aliyeishona. Binti akasema alilala juu ya kola hiyo kwenye basi wakitoka huko harusini, na ingekuwa ya ncha ingemchoma shavu. Tepu akafikiri. Akachukua kitambaa akafuta ncha, akachora duara. Ikakaa. Gauni likawa marehemu mwenyewe, kama kwamba yuko ndani yake. Wakabishana tena juu ya vifungo, vilikuwa vitano au sita, na kuhusu rangi, na kwa nini mama alikataa kulivaa mara ya pili, wakacheka kidogo, na chai ikapoa. Saa kumi ilipita bila Tepu kugusa simu tena. Jioni alipoondoka binti, alimtazama kuanzia begani hadi kwenye pindo, akafungua mdomo, akaufunga. Hakusema sketi imepanda. Kwa Tepu, hilo lilikuwa hotuba.

Jumapili ikafika. Shangazi alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, miwani tayari, mkoba wake miguuni. Tiketi alikuwa nazo mbili, maana aliamini katika maandalizi. Kinyozi naye alikuwepo. Tepu alimwomba aje awe shahidi, na yeye hakuwahi kukosa jambo lisilomhusu. Binti alikaa pembeni, magoti pamoja.

Saa kumi na moja shangazi akaomba ripoti. Tepu akatoa simu. Hakukuwa na kitu. Akaipangusa kioo. Akaizima akaiwasha. Akatoka nayo nje akaiinua juu, akarudi nayo. Akasema labda ofisi imechelewa, na jasho likaanza kumtoka, maana aliijua subira ya dada yake ilipoishia.

Binti akasema ripoti imekuja kwake.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Shangazi alimwambia asome, kwa sauti, asiruke mstari. Binti akasoma kwamba wiki hiyo mtoto ametumia programu saa sita na dakika ishirini. Kwamba mada kuu zilikuwa upweke, hofu ya kuachwa, na marehemu. Kwamba tathmini ni upweke mkubwa.

Shangazi akavua miwani. Hakufurahi, tuseme haki. Uso wake ulishuka kama wa mtu aliyeomba aonekane amekosea. Akamwambia mdogo wake kwamba sasa amesikia kwa masikio yake, akamwambia binti aende akafunge mizigo.

Tepu alikuwa amejikunja kwenye kiti, ameshika futi kwa mikono miwili. Saa sita za upweke, na yeye alikuwa hatua arobaini tu, anatia vifungo.

"Bado sijamaliza, shangazi," binti akasema, akaendelea. Mtoto hupenda kucheza mchezo wa kuwa baba. Mara mbili mtoto ameomba aelekezwe kutumia mkasi, amekataliwa. Mtoto anapenda kueleza habari za vifungo. Mtoto ameonyesha maendeleo siku ya Ijumaa, msimamizi anashauriwa ampongeze.

Kinyozi akainuka, akasema anatoka nje kutazama kama mvua inakuja. Ilikuwa kiangazi. Walimsikia ukutani upande wa pili, anajikaza asicheke.

Tepu alinyoosha mkono, akapewa simu. Akaona mahali palipoandikwa Msimamizi, akaona jina la binti yake. Akaona mahali palipoandikwa Mtoto. Alikaa hapo muda mrefu, kama anayesoma cheti chake cha kifo na kukuta tahajia iko sawa. Mvaaji juu, mwenye mtoto chini. Mkono ulikuwa umejua njia.

"Ulijua?" akamuuliza binti yake.

"Tangu Jumanne. Uliponiomba dakika thelathini."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unaongea, baba. Ningekwambia ungeacha."

Shangazi aliitaka simu naye akaisoma, kwa miwani na bila miwani. Kisha akajikusanya, maana mwalimu mkuu haachi kipindi kife mikononi mwake. Akasema karani wa dirisha la tatu angekuwa shuleni kwake angerudia mwaka. Akasema, hata hivyo, makosa ya fomu hayafuti ukweli: baba mpweke hulea mtoto mpweke, na mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Yeye hakupanda basi kwa mwendo wa saa sita ili acheze.

Ndipo Tepu akasimama. Aliivua futi shingoni, akaiweka mezani, na wote wawili wakaitazama kwa sababu hawakujua inaweza kuvuliwa hivyo.

"Dada, sitaki aondoke," alisema. "Nilipaswa kumwambia yeye kwanza, nikaiambia simu. Lakini sitaki. Nyumba hii bila yeye ni kitambaa bila mtu."

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kusema sebuleni humo. Binti aliinamisha kichwa, akawa anakagua kucha zake moja moja. Shangazi alikohoa. Alimpenda mdogo wake. Alimlea, alimpangusa makamasi, na hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Lakini alikuwa ameshatoa neno mbele ya shahidi, hata kama shahidi yuko nje anaangalia mvua ya kiangazi.

"Kutaka kwako si hoja, mdogo wangu," akasema. "Mimi na wewe tulipatana. Ripoti ikisema kuna mtoto mpweke nyumba hii, mtoto huyo anapanda basi na mimi leo. Imesema, na ina muhuri wa serikali. Tiketi ninazo mbili, na mimi sirudi peke yangu."

Binti akainua kichwa.

"Sawa, shangazi. Kama msimamizi, nimeruhusu," akasema. "Begi la baba liko juu ya kabati. Kwenye basi mkalishe dirishani, huwa anatapika."